Pochi ya Kuokota, Baiskeli ya Kupewa

Ukiangusha pochi kwenye treni mjini Tokyo, usiihesabu kuwa imekwenda. Nenda koban, kile kituo kidogo cha polisi ambacho hukosi kukiona karibu na stesheni kubwa, ueleze ulichopoteza na mahali. Mwaka 2018 polisi wa Tokyo walikabidhiwa vitu zaidi ya milioni 4 vilivyookotwa, pamoja na fedha taslimu yeni bilioni 3.8 hivi. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilirudi kwa wenyewe.

Wageni wengi husema Wajapani wana mioyo safi. Sikatai, mzazi wa Kijapani humpeleka mtoto koban hata kwa sarafu moja aliyoiokota. Ila moyo huo umejengewa njia. Sheria ya mali iliyopotea inampa mwokotaji haki ya kudai kwa mwenye mali zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani yake. Mwenyewe asipopatikana ndani ya miezi 3 (kabla ya mageuzi yaliyoanza kutumika mwaka 2007 ilikuwa 6), mali inakuwa ya aliyeiokota. Simu na kadi hazimo, kwa sababu zina taarifa za mtu. Ili usipoteze haki hizo, kabidhi ndani ya siku 7, na kama umeokota dukani au kwenye treni, ndani ya saa 24. Mark West, profesa wa sheria wa Marekani aliyelinganisha Tokyo na New York, aliandika mwaka 2003 kwamba siri iko zaidi kwenye sheria na vituo hivi kuliko kwenye tabia ya watu. Nami naona hivyo.

Kwa hiyo tusiwaambie vijana wetu wanaokuja masomoni kwamba Japani hakuna wizi. Miavuli huchukuliwa mlangoni mwa duka. Baiskeli ndizo huibiwa sana, na hapo ndipo watu wetu huingia matatani bila kuiba chochote. Kila baiskeli husajiliwa kwa jina la mwenyewe. Rafiki anamaliza masomo, anarudi nyumbani, anakuachia yake. Usiku polisi anakusimamisha, anasoma namba, jina si lako, na Kijapani chako bado ni cha kubabaisha. Kabla rafiki hajaondoka, mwombe afute usajili wake na akuandikie karatasi ya kukukabidhi. Kisha peleka baiskeli kwenye duka la baiskeli uisajili upya. Ada yake ni yeni mia kadhaa tu.

Lililo zito zaidi ni baiskeli iliyotelekezwa kando ya mto au nyuma ya jengo. Wengi tumekua tukiamini kwamba aliyeokota hajaiba. Japani, kujitwalia kitu kilichopotea ni kosa la jinai: kifungo hadi mwaka 1, au faini hadi yeni 100,000, na kwa mgeni kesi kama hiyo yaweza kumfuata mpaka kwenye maombi ya viza. Iache ilipo, au wape taarifa koban.

Na ukipoteza kadi yako ya ukaazi, toa taarifa polisi siku hiyohiyo, uchukue namba ya taarifa, kisha uende uhamiaji kuomba nyingine ndani ya siku 14.