Deki ndogo ya DVD: Kagua namba ya eneo na volti kabla ya kulipa

Deki ndogo ya DVD haihitaji nafasi kubwa katika nyumba za kupanga za Thika na Ruiru, na nyingi husoma CD na VCD pia. Hata hivyo, mnunuzi atazame kwanza namba ya eneo iliyoandikwa nyuma yake. Kenya imo katika eneo la 5, Uingereza la 2, Marekani la 1. Deki iliyofungiwa eneo moja hukataa filamu za kwingine. Diski ya harusi kwa kawaida haina kizuizi hicho.

Hatari zaidi ni umeme. Deki iliyotumwa na jamaa kutoka Marekani, ikiwa imeundwa kwa volti 120 pekee, yaweza kuungua ikichomekwa kwenye volti 240 za Kenya. Iliyoandikwa 100-240V haina tatizo.