Ukilipa Hospitali kwa Simu, Nani Anajua Unaumwa Nini?

Swali hili hutufikia mara kwa mara: "Nikilipia kliniki kwa simu, nyinyi mnajua ninaumwa nini?"

Hapana. Tunachoona ni kiasi, saa, nambari yako, jina la aliyepokea pesa na yale uliyoandika kwenye sehemu ya akaunti. Vipimo na maneno ya daktari hubaki hospitalini. Lakini hebu iangalie vizuri hiyo sehemu ya akaunti. Kuna wanaoandika humo "dawa za presha" ama "kipimo cha mimba". Hospitali inataka nambari ya bili tu. Ukiandika ugonjwa, basi umeutoa mwenyewe kwenye faili ya daktari ukauweka kwenye rekodi ya malipo.

Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kisha ikaja Sheria ya Afya Dijitali ya 2023, inayosema data hiyo ni rasilimali ya taifa, itumiwe kwa pamoja kufanya maamuzi, na papo hapo siri ya mgonjwa ilindwe. Mambo hayo mawili huvutana. Ukipimwa Kitui kisha ulazwe Nairobi, ni vyema daktari aone majibu yako asianze upya. Ila habari iliyochukuliwa kwa kazi moja haifai kugeuzwa kwa kazi nyingine. Nambari uliyomwachia mpokezi ili upigiwe majibu yakitoka si ruhusa ya kukutumia matangazo ya mikopo.

Una haki ya kuuliza wanaitumia kwa nini, kuiona, na kudai isahihishwe ikiwa na makosa. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kile ambacho wengi husahau ni stetimenti. Mkopeshaji akiitaka, unamtumia yote, na humo mna jina la kila kliniki uliyolipa. Jina tu wakati mwingine latosha: la saratani, la akina mama wajawazito. Omba stetimenti ya miezi anayohitaji pekee, na umuulize nani ataisoma. Skrinshoti za bili kwenye grupu ya harambee nazo ni vivyo hivyo. Ziba jina la ugonjwa. Wanaochanga wanahitaji kuona kiasi na mahali pa kulipa.

Halafu kuna OTP inayoingia ukiwa kaunta. Soma ujumbe wote kwanza, ujue unakubali nini. Ikiingia ukiwa nyumbani, na hujaenda hospitali yoyote, usimsomee mtu, hata kama anakuita kwa jina na anajua ulikotibiwa wiki iliyopita. Kata simu, kisha piga hospitalini mwenyewe kwa nambari iliyo kwenye risiti yako.