Polaraiza na Mng'ao wa Majani ya Chai

Katika zana zote ndogo zinazofuatana na kamera, hakuna iliyodhulumiwa kwa kutofahamika kama polaraiza, kile kioo cheusi cha mviringo ambacho wengi huivisha lenzi wakikidhani kuwa kivuli cha kupunguza ukali wa jua, kisha wakakiacha kimetulia, ilhali kazi yake yote imo katika kuzungushwa. Apendaye kuithibitisha kazi hiyo na asimame Mogogosiek, katika nchi ya chai ya Bomet, mvua ya alasiri ikiisha na jua likirejea. Atapiga picha ya mashamba ambayo macho yake yanayaona mabichi kabisa, na picha itatoka imejaa weupe.

Weupe ule ni nuru ambayo haikuingia ndani ya jani. Nuru ya jua hutetemeka pande zote, lakini ikigonga kwa mlazo uso laini, kama nta ya jani la chai au maji yaliyotandaa juu yake, ile inayorudishwa hutetemeka aghalabu upande mmoja tu, sambamba na uso ule. Na ile iliyopenya jani ikatoka na ukijani wake haina nidhamu hiyo. Ndani ya polaraiza molekuli ndefu zimepangwa safu safu, nazo humeza mtetemo unaofuata safu na kuupisha unaozikata. Kwa hiyo mpiga picha akiizungusha polaraiza polepole, hufika mahali ambapo mng'ao unazimika na jani linabaki. Mwanasayansi Étienne-Louis Malus aliliona jambo hili mjini Paris mwaka 1808, alipotazama kwa fuwele ya Iceland, itenganishayo mitetemo ya nuru, jua la magharibi likimulika madirisha ya jumba la Luxembourg. Programu ya simu yaweza kukoleza rangi utakavyo, lakini haina uwezo wa kurejesha jani ambalo mng'ao umekwisha kulifuta.

Zamani fuwele hizo zilikuwa adimu, hata Edwin Land wa Marekani akabuni utando wa kazi hiyo hiyo na kuuombea hataza mwaka 1929. Leo utando wa namna hiyo umo katika skrini za vikokotoo vya shule, na katika baadhi ya miwani ya jua. Na miwani ya namna hiyo, ikishikwa mbele ya lenzi ya simu na kuzungushwa, hutenda sawasawa na kioo cha ghali. Kuijua ni rahisi: itazame skrini ya kikokotoo kupitia kwayo ukiizungusha, na skrini isipofifia kamwe, basi uliuziwa weusi mtupu. Hunisikitisha mno kuona vikokotoo vilivyokufa vikitupwa mitaroni, na utando ambao mtoto wa shule angeutumia kujifunza elimu ya nuru ukipotea humo.

Polaraiza ya dukani nayo, ikishikwa mbele ya simu, sharti igeuziwe simu ule upande unaoskurubiwa kwenye lenzi. Ikigeuzwa kinyume, haizimi mng'ao. Wala haifai kwa mabati mapya yasiyopakwa rangi, kwa maana madini hurudisha nuru bila kuipanga namna ile. Angani hutenda zaidi mahali palipo pembe mraba na jua, na kwa kuwa Mogogosiek haiko mbali na ikweta, adhuhuri ukanda huo huzunguka upeo wote wa macho, na asubuhi hupanda kutoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini. Upinde wa mvua nao, ambao katika milima hii si mgeni, hukolea au karibu kutoweka kwa robo ya mzunguko, nami nimewaona watu wazima wakikataa kuyaamini macho yao.

Kadhalika hufaa kwa samaki majini, madirisha ya maduka, barabara iliyolowa, vioo vya gari, nyuso zenye jasho. Magharibi iondolewe, kwani humeza nusu ya nuru au zaidi.