Barafu Yenye Harufu: Kosa ni la Maji au la Friza?

Jioni moja wakati wa futari tulimtilia mgeni wetu sharubati ya ukwaju, vipande vya barafu vikielea juu. Akanywa funda moja, akaiweka gilasi chini kwa upole, asiseme neno. Tulipoonja nasi tukafahamu: barafu ilikuwa na shombo ya samaki. Fedheha ile ndiyo iliyotufunza haya.

Kabla ya kulaumu kifaa, yafaa kwanza tuyajaribu maji. Tuyachemshe yale tuyagandishayo, yapoe, kisha tuyaonje bila barafu. Yakiwa na ladha ya chumvi au harufu ya tangi, kosa ni la maji. Wengi wetu hapa Mombasa hutegemea visima na maji ya mikokoteni. Nayo maji ya chumvi hayageuki matamu kwa kuchemshwa. Dawa yake ni kutafuta maji mengine, na tangi kusafishwa.

Yakiwa mazuri, basi dosari imo ndani ya friza. Barafu huvuta harufu ya vilivyo jirani nayo: samaki, nyama, vitunguu na viungo. Tuimwage yote. Tuzime umeme, theluji ya kutani iyeyuke, kisha tupanguse ndani kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu yaliyotiwa vijiko viwili vikubwa vya bikaboneti ya soda. Vyombo vya barafu navyo vioshwe, visuuzwe, vikauke.

Baada ya hapo, samaki wawekwe katika mikebe yenye vifuniko madhubuti. Barafu ikishaganda, nayo ihifadhiwe katika chombo kilichofunikwa, na isikae majuma mengi. Wenye mashine za barafu wabadilishe kichujio kwa muda uliotajwa na watengenezaji, ambao mara nyingi ni miezi 6, na wamwage barafu ya mwanzo.

Lakini tusidanganywe na ladha peke yake. Baridi ya friza haiui vijidudu vyote. Barafu ya maji machafu huyeyuka na uchafu wake, ikawaharisha watoto. Maji yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yagandishwe.

Mgeni wetu tulimwalika tena juma lililofuata. Hatukumweleza kitu, naye hakuuliza. Ila safari hii gilasi ilirudi tupu, akaomba ya pili.