Maneno Yanayomficha Tapeli

Mkulima wa Endagikot, wilayani Mbulu, akigundua jioni kwamba amepunjwa sokoni, hakosi maneno ya Kiswahili ya kueleza yaliyomkuta. Atasema amepigwa, amelizwa, ameliwa, amechezewa shere, ameingizwa mjini au ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Redio itasema ametapeliwa au amelaghaiwa. Hazina hii ni kubwa, lakini ina kasoro: karibu maneno yote yanamweleza aliyeumizwa, na aliyeumiza hatajwi.

Kisarufi, kazi hiyo inafanywa na kauli ya kutendwa, umbo la kitenzi linalomweka aliyetendwa mahali pa kiima. "Nimepigwa laki mbili" ni sentensi kamili, na hakuna anayesubiri kutajiwa mpigaji. Msikilizaji anabaki na mtu mmoja tu wa kumhoji: ulikuwa wapi, mbona hukuhesabu, ulimwaminije? "Kuingizwa mjini" ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu inachukulia kwamba aliyedanganywa alikuwa mshamba tangu mwanzo. Mbulu, ambako wengi hulelewa kwa Kiiraqw au Kidatooga na kukutana na Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini, nahau hiyo inamwongezea tusi mtu mwenye hasara. Inamhukumu kwa kule anakotoka.

Aibu hiyo ni mtaji wa tapeli. Aliyelizwa hunyamaza, na jirani yake hulizwa baadaye kwa mbinu ileile.

Matapeli wenyewe wanaijua nguvu ya maneno kuliko sisi. DECI, mchezo wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, haukuwavuta watu kwa lugha ya riba wala hisa. Wanachama walialikwa "kupanda mbegu" na kusubiri "kuvuna". Upatu wa aina hiyo hauzalishi chochote: fedha za wanaoingia leo ndizo zinazowalipa walioingia jana, kwa hiyo idadi ya wanaoingia lazima iongezeke daima, na siku inapopungua wa mwisho hupoteza kila kitu. Lakini mbegu huzaa, na hilo linajulikana kwa mkulima na kwa muumini pia. Neno moja likabeba mzigo wa hoja ambayo haikuwapo. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa mpango huo. Waliopoteza akiba zao walibaki wakiitwa wenye tamaa.

Yapo maneno yanayofanya kazi tofauti, na lumbesa ni mojawapo. Bei ya mazao mengi shambani hupangwa kwa gunia, haipangwi kwa kilo. Mnunuzi akishonea kipande juu ya mdomo wa gunia na kujaza hadi litune, kila kilo iliyoongezeka ameipata bure, na mkulima ameuza gunia moja kwa hesabu na zaidi ya gunia moja kwa uzito. Neno lumbesa halimtaji mjinga wala mshamba. Linautaja ujanja wenyewe, na kwa kuwa una jina, unaweza kukatazwa, kupimwa na kuadhibiwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ndiyo inayompa ofisa wa Wakala wa Vipimo nguvu ya kulisimamisha gunia linalozidi kilo 100. Mkulima wa mahindi au kitunguu saumu anayesema "hii ni lumbesa" hajajishtaki mwenyewe. Amemshtaki mnunuzi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa utapeli wa simu, uliokua pamoja na huduma za fedha za mitandao baada ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008. Wananchi waliupa jina kutokana na maneno ya ujumbe wenyewe: "tuma kwa namba hii". Mtumaji hamjui anayemwandikia. Anasambaza ujumbe kwa watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa tayari ameahidi kumtumia fundi, mkwe au mwenye nyumba fedha siku hiyo. Mwathirika wa mbinu hii hahitaji kuwa na tamaa wala ujinga. Inatosha awe na deni halali na awe na haraka.

Sheria imelielewa hilo siku nyingi. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinashughulika na mtu anayejipatia mali kwa udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Hapo mwenye kosa ni mmoja, naye ndiye kiima cha sentensi.

Kwa hiyo jirani akikwambia amepigwa, usimuulize kwa nini aliamini. Muulize ni nani, kwa namba gani, alisema nini, kisha msaidie kuituma namba hiyo kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa za matapeli.