Anapotaka Kwenda Msituni Peke Yake

Leo tuna jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa jikoni kwa sauti ya chini. Mtu wa nyumbani kwako anasema amechoka na watu, anataka kwenda mahali pa upweke ajitafute, au aombe, na hataki kuulizwa chochote. Wewe ufanye nini?

Kwetu Elburgon jambo hili si la mbali. Msitu wa Mau uko karibu na nyumba zetu. Huko Nakuru kuna Menengai, ambako watu hushuka mapangoni wakiwa na Biblia na blanketi, wakakaa siku kadhaa wakifunga na kuomba. Wapo wanaorudi wakisema mioyo yao imekuwa myepesi. Kwa hivyo usikimbilie kusema kwamba anayetaka kuwa peke yake amerukwa na akili. Mama mwenye watoto wanne, ng'ombe wa kukamua na shamba la viazi anaweza kutamani siku moja tu ambayo hakuna atakayemwita. Huo ni uchovu. Msaidie kazi, alale.

Hata wazee walijua faida ya kutengwa. Miongoni mwa Wakalenjin, vijana wa tohara hukaa mbali na nyumbani wakifundishwa utu uzima. Lakini hawaachwi peke yao. Wana walezi wao, chakula hupelekwa, na mwisho wake ni kurudi kwa watu. Linganisha na yaliyotokea Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Waumini walihamia msituni, wakaacha shule, hospitali na jamaa zao, wakaambiwa wafunge hadi kufa. Kuanzia Aprili 2023 serikali ilifukua zaidi ya miili 400, watoto wengi wakiwamo. Mtu akikuambia kwamba mtoto naye afunge, usibishane naye Maandiko. Chukua mtoto, umwite chifu au polisi.

Tukitaja Maandiko, wengi hukumbuka siku arobaini za Yesu nyikani na kumsahau Eliya. Eliya alikimbilia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti akaomba afe. Malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mimi naona hakuna muuguzi ambaye angefanya vizuri zaidi.

Basi mtu wako akisema anaondoka, keti naye. Muulize anaenda wapi, na nani, na atarudi siku gani. Anayekwenda kupumzika au kuomba kwa kawaida atakujibu. Lakini kama hajalala wala kula vizuri kwa majuma, anagawa vitu vyake, anaaga watu, au anasema nyinyi mtakuwa heri bila yeye, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoa dawa za shambani na kamba, na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama aliyejifungua tumtazame kwa makini zaidi. Siku za kwanza machozi ni ya kawaida, na huisha yenyewe. Yakipita majuma mawili, au akiwa hamtaki mtoto na anasema angependa kutoweka, huo ni ugonjwa wa huzuni baada ya kujifungua, nao una matibabu. Na akianza kusikia sauti zinazomwita msituni, au kuona mambo ambayo wengine hawayaoni, hiyo ni dharura kama kutokwa na damu. Asibaki peke yake na mtoto. Msimpeleke mapangoni kuombewa kwanza. Mnaweza kumwombea njiani mkienda hospitali.

Wapo pia watu ambao hawafai kufunga hata kama moyo wao uko sawa. Hao ni mama mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kisukari. Anayetumia dawa za kifafa, za TB au za kupunguza makali ya Ukimwi asiziache hata siku moja kwa sababu ya mfungo. Na hakuna anayepaswa kufunga bila maji. Mtu anaweza kufa kwa siku chache tu.

Tena kuna baridi. Huku kwetu juu, usiku wa Julai huingia mifupani, na aliye na njaa hana cha kumpa joto. Mtu akitetemeka sana, kisha akaanza kuongea kama mlevi na kupepesuka, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi, na kama yuko macho na anaweza kumeza mpe chai ya moto yenye sukari. Kutetemeka kukikoma naye bado ni baridi na mlegevu, hali imezidi. Tafuta gari.

Na akirudi baada ya siku nyingi bila chakula, najua utataka kumpikia ugali na nyama kwa furaha. Ngoja. Chakula kingi kwa ghafla huweza kuvuruga moyo wake, hata kumuua. Mpe uji mwepesi, vikombe vidogo vidogo, na mfike kituo cha afya siku hiyo. Maswali ya alikokuwa yatangoja.