Kapsokwony: Msimu wa Kandanda na Funzo la Kushindwa

Kila unapoingia muhula wa pili, viwanja vya shule za sekondari nchini Kenya hujaa vijana wanaowania ubingwa wa kandanda. Huku kwetu Pwani masikio huelekea Serani ya Mombasa na Shimba Hills ya Kwale. Juma hili twawaomba wasomaji wetu watazame mbali zaidi, hadi Kapsokwony, mji mdogo ulio kwenye miteremko ya Mlima Elgon katika kaunti ya Bungoma. Wazazi wenye wana waliopangiwa shule za bweni za bara watalielewa jambo hili upesi. Na asiye na mwana huko pia ana la kujifunza.

Mashindano haya yamejengwa mfano wa ngazi. Shule huanzia katika zoni, miongoni mwa majirani. Bingwa hupanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Watakaofanya vyema katika taifa huwakilisha nchi katika michezo ya shule za Afrika Mashariki, iliyofanyika Arusha mwaka 2022, Huye nchini Rwanda mwaka 2023, Mbale nchini Uganda mwaka 2024, na Kakamega mwaka 2025. Mbale iko upande wa pili wa mlima uo huo. Kwa hiyo mwaka 2024 kijana wa Kapsokwony alihitaji kuzipanda daraja tano ili aende kucheza nyuma ya mlima anaouona kila asubuhi.

Nazo daraja hizo si nyepesi. Atakayeishinda Bungoma huingia kanda ya Magharibi, ambako Kakamega na Musingu, shule zilizozoea makombe, humngoja. Jirani yake wa Kitale, shule ya St Anthony's, hupitia njia nyingine kabisa, kwa kuwa kaunti ya Trans-Nzoia imo katika kanda ya Bonde la Ufa. Majirani hawa wawili hawawezi kukutana katika kuwania ubingwa ila kwenye fainali za taifa.

Hesabu ya ngazi hii ni nyepesi, lakini wachache huitafakari. Penye timu kumi na sita za mtoano, kumi na tano zitarudi nyumbani zimeshindwa. Bingwa ni mmoja. Vijana walio wengi humaliza msimu wao katika zoni au kaunti ndogo, kwenye uwanja wenye matope ya mvua za masika, pasi na kamera wala mwandishi wa habari. Basi tukiuliza msimu huu unawafundisha nini wana wetu, jibu la kweli ni kwamba wengi wao unawafundisha kushindwa. Funzo hilo laweza kumjenga kijana au kumharibu, kwa kadiri ya namna alivyopokewa na waliomzunguka.

Mlima Elgon umejulikana zaidi kwa wakimbiaji. Huko ndiko alikotoka Ben Jipcho, aliyetwaa nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Katika mbio, utepe na saa ndivyo vinavyohukumu, na ni nadra mtu kugombana navyo. Katika kandanda anayehukumu ni binadamu mwenye kipenga. Huenda akakosea. Mchezaji huona kwa macho yake kwamba ameonewa, na bado hutakiwa arudi nafasini pake acheze.

Jambo hilo lina uzito wa pekee mahali kama Kapsokwony. Ugomvi wa kugawana ardhi ya Chebyuk, uliorithiwa tangu miaka ya 1970, uliwagawa watu wanaosema lugha moja, na kuanzia mwaka 2006 ukageuka mapigano ya silaha. Mamia ya watu waliuawa na makumi ya maelfu wakayahama makazi yao, hadi jeshi lilipoingia mlimani mwezi wa Machi 2008. Asili ya msiba ule ilikuwa hukumu: nani apewe shamba na nani anyimwe, na aliyenyimwa akaona ameonewa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekua, naye ni wa rika la hawa wanaocheza leo. Hatudai kwamba mpira huponya majeraha ya ardhi. Twasema tu kwamba kijana aliyezoea kupokea uamuzi asioupenda, akampa mkono mpinzani na kupeleka malalamiko yake kwa njia ya haki, amejifunza jambo ambalo wazee wake walilihitaji mno.

Sisi Waislamu tuna kigezo chema katika hili. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), naye Bibi Aisha akamshinda, na siku nyingine waliposhindana tena, Mtume akashinda. Kiumbe bora kuliko wote alishindwa mbele ya mkewe, wala hadhi yake haikupungua hata chembe.

Basi kijana atakaporejea likizo timu yake ikiwa imetolewa mapema, tusianze kwa kumuuliza walifungwa mabao mangapi. Tumuulize kama alimpa mkono aliyemshinda, na kama aliuchunga ulimi wake mbele ya mwamuzi. Tumuulize pia kuhusu sala, kwani mechi nyingi za shule huchezwa mchana, na nyakati za Adhuhuri na Alasiri huingia katikati ya pilikapilika hizo. Mzazi azungumze na mwalimu mapema, kwa adabu, ili kijana apate nafasi ya kusali bila kuvunja utaratibu wa timu. Nasi tunaokwenda viwanjani huku Pwani tukumbuke kwamba mtoto hujifunza matusi kwa mtu mzima aliyesimama pembeni mwa uwanja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu waliopo karibu na walio mbali, awape afya na subira, na aidumishe amani kwa majirani wa Mlima Elgon. Amin.